Kabla ya Kiyoyozi, Tutazame Paa

Kila joto la Desemba likibana hapa Dar, madai hosteli ni yale yale: chuo kifunge viyoyozi. Mimi nasema tuanze na paa. Kiyoyozi kinakula umeme kila siku kinapowashwa. Paa jeupe gharama yake ni rangi, fundi na kuliosha mara moja moja.

Hoja yenyewe haina uchawi. Bati la rangi iliyokolea, au lililoshika kutu, linanyonya sehemu kubwa ya jua na kuishushia vyumbani. Rangi nyeupe ya paa, ikiwa mpya na safi, hurudisha juu kama asilimia 80 ya mwanga huo. Chumba kikipoa, feni inatosha kwa saa nyingi zaidi, na hata penye kiyoyozi, mashine haihangaiki sana. Jiji la New York lina mpango wa kupaka mapaa yake rangi nyeupe tangu 2009. Na wazee wetu wa pwani waliopaka nyumba chokaa hawakuwa washamba.

Ila mimi ni mtu wa Tukuyu, na hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka kila paa nchini liwe jeupe. Kwetu ni zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na Juni na Julai sweta halivuliwi. Ukilifukuza jua pale, unafukuza joto lenyewe tunalolitafuta. Shida ya darasa la Rungwe ni baridi na kelele: mvua ikikolea juu ya bati lisilo na dari, mwalimu hasikiki, kipindi kinakufa. Hela ya rangi nyeupe pale bora inunue dari.

Sasa shuka na gari mpaka Kyela, mwendo wa kama saa moja tu. Uko jirani na Ziwa Nyasa, karibu mita 1,000 chini yetu, na joto ni la kweli. Pale paa jeupe lina kazi. Wilaya mbili jirani, majibu mawili. Ndiyo maana ramani moja ya jengo kwa nchi nzima hainiingii akilini.

Najua mtaniambia rangi inachafuka na kwamba kwenye ghorofa wanaofaidi ni wa juu kabisa. Kweli. Lakini hao wa juu ndio wanaoiva zaidi, na vumbi linaoshwa.

Kwa hiyo serikali yetu ya wanafunzi isidai viyoyozi kwanza. Idai bweni moja lipakwe nusu ya paa, vipimajoto viwili vitundikwe ghorofa ya juu, kimoja kila upande, visomwe kila mchana kwa wiki tatu. Tukiwa na namba mkononi, utawala utatusikiliza vizuri zaidi.