Mzazi, tazama kwanza kabla ya kumpokonya simu

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kumpata mwanao ameinamia simu yako, vitabu vimefungwa, nawe ukaipokonya kwa hasira. Sikulaumu. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye kamari, nayo kamari imewaponza vijana wengi. Hata hivyo, si kila mchezo ni upuzi. Juma hili tutenge mchele na pumba.

Tangu Januari 2023, watoto wetu huanza sekondari ya msingi, Gredi ya 7, katika shule zile zile za msingi. Nyingi hazina maabara. Mwalimu huchora betri na balbu ubaoni, mtoto akanakili, basi. Baada ya Gredi ya 9 mtoto huyo huyo, awe wa Tabaka, Keroka au Nyansiongo, huulizwa kama atafuata mkondo wa sayansi. Atachaguaje kitu ambacho hajawahi kukigusa?

Hapo ndipo mchezo unapofaa. Mwaka 2002 Carl Wieman, mwanafizikia wa Marekani aliyetuzwa Nobel mwaka uliotangulia, alianzisha mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado. Kwenye tovuti yake mna majaribio ya sayansi ya kuchezea, bila malipo. Mojawapo humpa mtoto betri, nyaya, swichi na balbu aunganishe atakavyo. Akipatia, taa huwaka. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri hushika moto kiooni na hakuna anayeungua. Mwalimu akiyapakua mara moja kwenye tarakilishi, darasa litayatumia hata bila intaneti.

Wala usiseme ni utoto. Mwaka 2011 wachezaji wa Foldit, mchezo wa Chuo Kikuu cha Washington, walifumbua umbo la kimeng'enya cha virusi viletavyo ugonjwa kama Ukimwi kwa kima, fumbo lililokuwa limewashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi.

Basi ufanyeje? Kwanza, keti naye. Kabla hajabonyeza, muulize: kutatokea nini, na kwa nini? Mtoto anayebonyeza tu hujifunza kubonyeza. Pili, nusu saa yatosha. Tatu, mpe betri za tochi, balbu yake na vipande vya waya, arudie jaribio mezani. Na hapa tahadhari: mtoto aliyezoea moto usiochoma anaweza kuujaribu waya wa stima ukutani. Mwambie waziwazi kwamba ule huua.

Mwisho, kwenye mkutano wa wazazi, uliza kwa upole kuhusu vishikwambi ambavyo serikali ilianza kugawia shule za msingi mwaka 2016. Kama vingalipo na vinafanya kazi, vitolewe kabatini. Kifaa kilichofungiwa hakimfundishi mtu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.