Serikali Ndogo Ianzie Kwenye Hati ya Ardhi



Wanasiasa wetu wamejifunza msamiati mpya. Mtu aliyekula mshahara wa umma tangu ujana wake hupanda jukwaani siku hizi na kutangaza kwamba Serikali imekuwa kubwa mno, kwamba matumizi yapunguzwe, kwamba mwananchi aachwe apumue. Maneno hayo ni mazuri. Mimi mwenyewe ni mhafidhina katika jambo hili. Naamini kwamba kilichojengwa na wazee kwa vizazi vingi hakifai kubomolewa na afisa aliyeripoti kazini mwezi uliopita, na kwamba mamlaka yasiyo ya lazima ni mamlaka ya hatari. Ndiyo maana inanikera kuona hoja hii ikivaliwa kama kofia ya kampeni, kisha ikavuliwa siku ya kuapishwa.

Tukumbushane. Mnamo Septemba 2022, muda mfupi baada ya kula kiapo, Rais William Ruto aliagiza Hazina ya Taifa ipunguze matumizi kwa shilingi bilioni 300. Kabla mwaka haujatimia, mnamo Machi 2023, akateua Makatibu Waandamizi 50, watu wa cheo ambacho Katiba haikijui, hadi Mahakama Kuu ilipozibatilisha nafasi hizo Julai mwaka huo huo. Wakati huo huo mfanyakazi akaanza kukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba ambayo hajaiomba na pengine hataiona. Mahakama Kuu ilipoikataa tozo hiyo mnamo Novemba 2023, ilirudishwa kwa sheria nyingine Machi 2024. Yaliyofuata Juni mwaka huo, vijana walipoingia barabarani na wengine wakarudi nyumbani ndani ya sanduku, hayahitaji kusimuliwa tena hapa.

Hiyo si mara ya kwanza. Neno "kubana matumizi" liliingia Kenya katika miaka ya 1980 likiwa limebebwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Lilipofika kwa mwananchi mnamo Desemba 1989 lilikuwa na sura ya karani wa hospitali anayedai malipo kabla mgonjwa hajaonwa. Mama mjamzito aliambiwa Serikali haina pesa. Na katika miaka iliyofuata mara moja, Serikali hiyo hiyo isiyokuwa na pesa ilikuwa ikiilipa kampuni ya Goldenberg fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu ambayo haikuwahi kuuzwa nje. Ndivyo serikali ndogo ilivyofasiriwa kwetu: ndogo kwa mgonjwa, kubwa kwa mwizi.

Wala wakubwa wa ng'ambo waliotufundisha somo hili hawakulifanyia kazi wao wenyewe. Margaret Thatcher, aliyehubiri kwamba dola irudi nyuma, ndiye aliyelifuta Baraza la Greater London mwaka 1986 kwa sababu wakazi wa mji huo walimchagua mpinzani wake. Ronald Reagan aliliacha deni la taifa la Marekani likiwa limekaribia kuongezeka mara tatu. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba mhafidhina wa kweli ataagizwa kutoka nje kama mtumba. Tumtafute hapa hapa, na tumpime kwa mambo ya hapa.

Je, mgombea wa namna hiyo, akija kuomba kura katika eneo bunge la Garsen, asimamie nini?

Naanza na ardhi, kwa sababu ndiko Serikali ilikokuwa kubwa kupita kiasi tangu zamani. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1915 kuhusu Ardhi za Mfalme ilimfanya Mwafrika kuwa mpangaji asiye na mkataba juu ya udongo aliozikwa babu yake. Uhuru ulikuja, jina likabadilishwa kuwa ardhi ya amana, baraza la wilaya likawa mdhamini, nasi tukabaki wapangaji. Mwaka 1974 Bunge likaunda mamlaka ya ustawi wa bonde la Tana, ambayo baadaye iliongezewa mto Athi na kuitwa TARDA, na mamlaka hiyo ikapewa makumi ya maelfu ya hekta katika delta. Aliyekuwa akilima mpunga kwa kufuata kupwa na kujaa kwa mto aliamka siku moja akaambiwa yeye ni mvamizi.

Na mradi wenyewe ulizaa nini? Mashamba ya mpunga yaliyojengwa kwa mkopo kutoka Japani yalivurugwa na mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998. Mwaka 2008 tukaletewa hekta 20,000 za miwa kwa ushirika wa TARDA na Mumias. Miwa haikuota, na Mumias yenyewe ikaangukia mikononi mwa wadai wake mwaka 2019. Kampuni ya Kanada, Bedford Biofuels, ikakodi ardhi za ranchi ipande mbono wa kutengenezea mafuta. Mwaka 2013 ikafunga shughuli zake. Juu kidogo ya mto kuna Bura, mradi ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia na wengine, ukahesabiwa kuwa miongoni mwa miradi ya umwagiliaji yenye gharama kubwa zaidi duniani kwa kila hekta, na haukufikia hata nusu ya eneo lililopangwa. Kuna Galana Kulalu, uliozinduliwa 2014 kwa tarumbeta za kulisha taifa zima. Kuna Hola pia, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa kwa kukataa kuchimba mfereji. Mkoloni aliwaua, wenzetu wa baada ya Uhuru wakatufilisi. Fikra ni moja, kwamba mtu wa mtoni hajui kuutumia mto wake mpaka aje mtu wa ofisi kumwonyesha.

Mhafidhina wa kweli angesema imetosha. Angeahidi kwamba kila ekari ambayo shirika la umma linaishikilia katika delta bila kuitumia itarudi kwa jamii zilizokuwa zikiishi juu yake, na angetaja tarehe. Kikosi kazi cha Rais kilihesabu mashirika ya umma 262 mwaka 2013, kikapendekeza yawe 187. Januari 2025 Baraza la Mawaziri lilikuwa bado linaidhinisha kuunganisha mengine 42 yabaki 20. Katika miaka hiyo yote sijasikia mwanasiasa mmoja wa pwani akiuliza ni shirika gani linaloanza kufungwa, na ardhi yake anarudishiwa nani.

Sheria ipo upande wetu. Mnamo Februari 2013 Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi, iliamua katika kesi ya wakazi wa delta dhidi ya Mwanasheria Mkuu, TARDA na wengine, kwamba mipango ya matumizi ya ardhi hii iandaliwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii. Lakini Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaiacha ardhi isiyosajiliwa mikononi mwa serikali ya kaunti kwa amana, na amana hiyo tunaifahamu. Kadiri usajili unavyocheleweshwa ndivyo mdhamini anavyonenepa. Mbunge anayeamini serikali ndogo angekesha kuhakikisha usajili unakamilika, kwa sababu kila kijiji kinachopata hati yake kinaipunguza Serikali zaidi kuliko hotuba kumi za bajeti.

Hapa kuna tahadhari, na mhafidhina ndiye wa kwanza kupaswa kuiona. Hati ya mtu mmoja mmoja, iliyochorwa kwa rula mezani, inaweza kuziba malka, zile njia za mifugo kwenda mtoni. Upimaji wa mashamba ulipoletwa kwa pupa kuelekea mwaka 2001, ulichangia mapigano kati ya mkulima Mpokomo na mfugaji Muorma na Muwardei. Mbali na Nairobi na kabla ya Nairobi, wazee wa Gasa na wazee wa Matadeda walikuwa wakikaa pamoja na kupatana ng'ombe wapite wapi, lini, na mazao yakiliwa nani alipe nini. Mapatano hayo ndiyo katiba ya delta. Mgombea wetu angedai yaandikwe ndani ya hati zenyewe za ardhi ya jamii na mahakama ziyatambue, kisha afisa wa Serikali akae kando.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: wakili, umesahau unaandika ukiwa wapi? Unadai serikali ndogo katika mahali ambapo Serikali haijafika? Barabara iko wapi, daktari yuko wapi?

Swali ni halali, nami silikwepi. Ukweli ni kwamba Serikali ilifika Tarasaa zamani sana, ila ilikuja na mkono wa kuchukua na kuusahau mkono wa kulinda. Ilifika katika masijala ya ardhi, na kwenye kizuizi cha barabarani ambako lori la maembe hulipa sesi halafu hulipa tena "chai". Mnamo Agosti 22, 2012, Riketa iliposhambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto, ilikuwa wapi? Ikaja Chamwanamuma, ikaja Kilelengwani, na Desemba ikaja Kipao. Baada ya makaburi ndipo walipokuja askari wengi na amri ya kutotoka nje usiku. Kulinda uhai wa raia ni kazi ambayo hata mwenye kupenda serikali ndogo kuliko wote duniani hawezi kumkabidhi mtu mwingine. Polisi anayefika kwa wakati, hakimu asiyenunuliwa, barabara, shule na zahanati yenye dawa: hivyo ndivyo vitu vya kulipiwa kodi. Serikali inayojishughulisha na miwa, mbono, nyumba na vyeo vya makatibu hukosa mafuta ya gari la polisi. Nasi tusisahau kwamba elimu na tiba za kisasa zilianza Ngao na Golbanti katika karne ya 19 kwa juhudi za makanisa, kabla mkuu wa wilaya hajajengewa ofisi.

Na huyo mkuu wa wilaya yu hai bado. Kifungu cha 17 cha Jedwali la Sita la Katiba kiliamuru kwamba utawala wa mikoa upangwe upya katika muda wa miaka mitano ili uheshimu ugatuzi. Miaka mitano iliisha Agosti 27, 2015. Kilichofanyika ni kutunga sheria ya mwaka 2013 iliyombatiza mkuu wa wilaya jina la kamishna na kumwacha chifu na naibu wake palepale. Tukawa na magavana na makamishna katika kaunti moja, kila mmoja na bendera yake na walinzi wake, na mkulima mmoja wa kuwalisha wote. Mimi ni wakili, riziki yangu imo ndani ya mihuri na fomu zao, kwa hiyo nasema haya kinyume na maslahi ya tumbo langu.

Gavana naye asicheke. Ronald Ngala na KADU walipopigania majimbo mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikuwa na hoja ya kihafidhina kabisa: mamlaka yakae karibu na yule yanayemuumiza. KADU ilijivunja mwaka 1964 na hoja ikazikwa. Ilipofufuliwa katika miaka ya 1990, wanyang'anyi waliigeuza kuwa kisingizio cha kumfukuza jirani. Likoni mwaka 1997 ni ushahidi. Mgombea wetu lazima aseme wazi kwamba serikali ya karibu haimaanishi kabila moja kumfukuza lingine. Na aseme vilevile kwamba ikulu 47 ndogo zinazotoza sesi, leseni na vibali juu ya vile vya Nairobi hazijampunguzia mwananchi mzigo wowote.

Nimeliacha gumu mwishoni. Mbunge mhafidhina wa kweli angeukataa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria yake ya 2013 mnamo Agosti 2022. Bunge la Taifa lilijibu Julai 2025 kwa kupitisha mswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya Katiba yenyewe. Mtunga sheria anayegawa karo hawezi kuwakagua wagawaji wenzake. Naelewa uchungu wake: katika vijiji vyetu kuna mtoto ambaye bila hundi hiyo asingemaliza kidato cha nne. Karo yake iende moja kwa moja shuleni kwa haki, kwa kanuni iliyobandikwa ukutani, asilazimike mzazi kupiga magoti mlangoni mwa mheshimiwa. Sharti hili litampotezea mgombea kura nyingi, na ndilo litakalotuonyesha kama anayasadiki anayoyasema.

Basi atakapofika Tarasaa kuelekea uchaguzi wa 2027, awe wa chama chochote, aulizwe kwanza habari ya ardhi ya TARDA, na tarehe. Kisha aulizwe kamishna wa kaunti ana kazi gani ambayo isingefanywa na mwingine, na mfuko wa eneo bunge atauacha au hatauacha. Akianza kueleza habari za lori la mahindi alilokuja nalo, apewe maji ya kunywa aendelee na safari yake kwenda Garsen.