Acheni kuwapa bibi zetu sura ya mchawi

Mhariri,

Nina malalamiko dhidi ya waandaaji wa filamu na tamthilia, na dhidi yenu pia wenye magazeti.

Tazama karibu filamu yoyote ya hapa nchini yenye mchawi ndani yake. Mchawi ni bibi kizee. Amejifunga kaniki, mgongo umepinda, macho mekundu, anaishi peke yake pembeni mwa kijiji. Kijana wa mjini akikosa mtoto, akifukuzwa kazi au akiugua ugonjwa usiojulikana, tunajua mapema kamera itakwenda kusimama mlangoni kwa nani. Mwanamume wa umri huohuo hupewa nafasi ya baba mwenye mali, mwenyekiti wa kijiji, mzee wa busara, au mchekeshaji tunayempenda. Bibi yeye akishazeeka, skrini haimjui ila kwa ubaya.

Nimefanya kazi ya uuguzi mkoani Shinyanga hadi nilipostaafu, na siwezi kuyaita haya burudani. Huku wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa kuwa na sura hiyohiyo inayotengenezwa kwa rangi na vipodozi huko Dar es Salaam. Macho mekundu yana historia yake. Misitu ya Usukumani ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba na mifugo. Kuni zikawa haba. Mama wa huku anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, tangu akiwa binti hadi anapata vitukuu. Ongeza hapo ugonjwa wa vikope ambao haukutibiwa mapema. Macho gani yatabaki meupe? Msanii anayempaka mwigizaji wekundu ili atishe anaigiza maradhi ambayo sisi wauguzi tumekuwa tukiyatilia dawa, na anamfundisha mtoto anayetazama kwamba maradhi hayo ni ushahidi.

Sasa nije kwenu, watu wa magazeti. Kuna habari ambayo imekuwa ikijirudia miaka nenda rudi: mwanamke mzee amekutwa alfajiri nje ya nyumba za watu, yuko uchi, hajui alipo, anajibu maneno yasiyoeleweka. Kesho yake yuko ukurasa wa mbele, kwa maandishi makubwa, kwamba ni mchawi aliyeanguka na ungo aliokuwa akiruka nao usiku. Uso wake uko wazi, jina lake limeandikwa, na mtaa anaoishi umetajwa.

Upo ugonjwa wa kusahau unaowapata watu uzeeni. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, ulikuta kwamba watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walikuwa nao. Mgonjwa wa namna hii huweza kuchanganyikiwa zaidi jua linapozama. Usiku hutoka kwenda kuitafuta nyumba aliyozaliwa, ambayo huenda ilishabomoka zamani, na wengine huvua nguo njiani bila kutambua wanachofanya. Hayo yote daktari au muuguzi wa wilaya angemweleza mwandishi kwa simu moja. Lakini simu hiyo haipigwi, kwa sababu ikipigwa habari ya ungo inakufa.

Nimewahi kumpokea wodini mama wa aina hiyo, ameletwa na polisi akiwa na majeraha ya mawe. Vidonda vilipona. Kumrudisha kwake ndiko kulikoshindikana, kwa sababu gazeti lilikuwa limetangulia kufika kijijini na kila mtu ameiona picha. Watoto wake hawakuwa watu wabaya. Waliogopa nyumba isichomwe moto na wao wakiwa ndani. Ilibidi apelekwe kwa ndugu wa mbali, na huko ndiko alikofia. Mwandishi aliyeandika habari ile sidhani kama alijua, wala kama aliuliza.

Hata mauaji yanapotokea, kazi yenu huishia mlangoni. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti mkoani Kigoma, watu 7 waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wazee wa zaidi ya miaka 60. Watu 23 walikamatwa, akiwemo mganga wa kienyeji. Habari za namna hii tunazisoma kwa siku mbili tatu, tunaambiwa chanzo ni imani za kishirikina, basi. Shamba la marehemu limekwenda kwa nani? Ng'ombe wake wanachungwa na nani leo? Nani alimlipa mpiga ramli, na nani alimlipa mkata mapanga? Sisi tunaoishi huku tunajua kwamba mara nyingi nyuma ya ramli kuna mjane mwenye ekari zake na jamaa wa marehemu mumewe wanaozitaka. Ukiandika ushirikina peke yake, umemsaidia mwenye tamaa kujificha.

Najua waandaaji watajibu kwamba wanaonyesha yale jamii inayoyaamini. Lakini filamu huchochea pia: mwaka 1999 ilitoka Nigeria filamu iitwayo End of the Wicked, yenye watoto wachawi, na watetezi wa watoto wa huko waliilaumu kwa kuchochea watoto wa kweli kuteswa na kutupwa na wazazi wao. Kinachoonyeshwa kila siku kinarudi kuiambia jamii kwamba haikukosea.

Tena tunajua vyombo vya habari vya nchi hii vinaweza kubadilika, maana vilibadilika mbele ya macho yetu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoongezeka, mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema alijifanya mteja akaingia kwa waganga na kuwaanika, huku maisha yake yakiwa hatarini. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Redio, televisheni na magazeti yalianza kuwaita wenzetu hao kwa heshima, kuwasikiliza wao wenyewe, na kufuatilia kesi mahakamani. Iweje moyo ule usimfikie bibi wa Kishapu au wa Geita? Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeeleza mara nyingi kwamba wanawake wazee ndio waathirika wakubwa wa mauaji haya. Vyombo vyetu vinatangaza ripoti hizo asubuhi, na jioni vinarusha tamthilia ya bibi wa ungo.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, pamoja na kasoro zake nyingi, inahesabu kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa. Anayefanya hivyo kilabuni anaweza kushtakiwa. Anayefanya hivyo kwa nakala maelfu analipwa mshahara. Bodi ya Filamu na Baraza la Habari waliangalie jambo hili kwa uzito wake. Waandishi wa miswada ya filamu nao wajaribu kumwandikia mwanamke wa miaka 70 nafasi ya mtu mzima mwenye akili: mkunga, mwenye duka, mama anayesuluhisha ndoa za wanawe, mjane anayepigania hati ya shamba lake.

Kwa gazeti lako, mhariri, nina ombi ambalo halihitaji kikao wala bajeti. Tangazeni kwamba hamtachapa tena sura wala jina la mzee yeyote anayetuhumiwa uchawi. Na zile picha za zamani ambazo bado ziko kwenye tovuti yenu, ziondoeni wiki hii. Baadhi ya wenyewe wangali hai, na bado wanaishi katika vijiji vilevile.

Muuguzi mstaafu,
Shinyanga