Karatasi Moja ya Damu Haitoshi

Ndugu msomaji, umemwona mzee akirudi kutoka maabara na karatasi yenye herufi PSA na hesabu. Hesabu ikiwa kubwa, watoto wake wanalia. Ikiwa ndogo, wanashangilia. Mimi nasema wote wanafanya haraka.

PSA ni protini itokayo katika tezi dume, iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanamume anayo kidogo katika damu. Kansa huizidisha, lakini hata kuvimba kwa tezi kwa sababu ya uzee, au ugonjwa wa mkojo, au mpira wa mkojo, huizidisha. Kwa hiyo haihukumu peke yake. Ili kuwa na hakika, munganga hutoa vipande vidogo vya tezi, vikatazamwe kwa darubini.

Faida yake kubwa huja ugonjwa ukiisha kujulikana. Mwaka 1941 Charles Huggins, huko Chicago, alionyesha kwamba kansa hii hulishwa na homoni za kiume. Alizizuia, akapima damu, akaona alama ya ugonjwa ikishuka. Alipata Zawadi ya Nobel mwaka 1966, mwaka ule mji wetu ulipoacha jina la Jadotville. Alama yake ilikuwa nyingine; PSA ilikuja baadaye. Marekani iliiruhusu mwaka 1986 kwa kuwafuata wagonjwa tu. Ruhusa ya kuutafuta ugonjwa ilikuja mwaka 1994.

Basi, baba, kama uliondolewa tezi yote, PSA yapasa kushuka kwa majuma machache hata karibu isionekane. Kama unachomwa sindano za kuzuia homoni, nayo yapasa kushuka. Ikianza kupanda tena, mara nyingi hupanda kabla mifupa haijauma, na munganga anapata nafasi ya kubadili dawa. Lakini wengi wenu, maumivu yakiisha, hatuwaoni tena! Najua, kipimo ni fedha, na Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 100. Lakini jamaa wanaochanga kwa ajili ya matanga, mbona hawachangi kwa kipimo mzee akiwa hai?

Ukiweza, pima katika maabara ile ile, maana mashine hazilingani. Karatasi za zamani usizitupe. Zitie katika bahasha moja na tarehe zake, uje nazo zote. Tukiona ya leo tu, hatujui kama unapanda au unashuka.