Hesabu Zetu Zirudi Bombani
Kila wiki wahudumu wa afya wanapita na daftari. Nani anaharisha? Nani ana homa? Tunajibu, maana ni majirani zetu. Halafu daftari linaondoka, na hesabu yake hatuioni tena. Tukiuliza, eti ni siri.

Jamani, siri ni jina la mgonjwa. Hilo mlifungie, tena lisivuke mpaka kurudi kwa serikali tuliyoikimbia. Lakini kwamba zoni fulani inaharisha kuliko nyingine, hiyo ni siri ya nani? Kipindupindu kilipowashika Warundi waliofikia Kagunga mwaka 2015, zaidi ya watu 3,000 waliugua. Ugonjwa ule unapita kwenye maji, na anayejua bomba gani limekauka, watu wakaanza kuchota mtoni, ni mama mwenye ndoo, siyo mwenye kompyuta.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, nadai hivi: kila Jumatatu hesabu ya kila zoni, bila majina, iandikwe ubaoni penye bomba, kwa Kiswahili na Kirundi. Chaki tutatafuta wenyewe. Pembeni muandike idadi ya mabomba na vyoo vinavyofanya kazi. Tukikuta zoni yenye wagonjwa wengi ndiyo yenye mabomba machache, mtatueleza mkutanoni, na mtutajie tarehe ya kurekebisha.