WAFUNDISHENI, MSIWATUMIE TU

Somo: Kutoka 35:30-35

Neno la leo ni kali kidogo. Lisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Kuna maneno yamezoeleka makanisani: "Hawa vijana wa simu wamepotea." Yanasemwa na mzee wa kanisa, yanasemwa na mama wa maombi, na mara nyingine yanatoka madhabahuni. Lakini Jumapili kijana huyo huyo amesimama na kamera tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana bila chai. Ndiye anayeunganisha nyaya na kurusha ibada moja kwa moja, ili shangazi yako aliye Qatar aabudu pamoja nasi. Jumatatu akiweka mtandaoni wimbo wake mwenyewe, aliotunga kwa machozi, anaambiwa ameingiwa na roho ya dunia.

Mpendwa, hiyo si haki.

Au tumesahau 2020? Serikali ilipofunga makanisa kwa sababu ya korona, nani alitafutwa usiku na mchana? Ni hao wa simu. Hata milango ilipofunguliwa Julai mwaka huo, tuliruhusiwa watu mia moja kwa saa moja, na waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Mzee, ibada ilikufikia kupitia simu ya mjukuu wako. Alipokufikishia Neno hukumwita mpotevu.

Sasa fungua Biblia. Katika Kutoka 31 Mungu anamwita Bezaleli kwa jina, anamjaza Roho, na kazi ya huyo aliyejazwa Roho ni kuchonga, kufua dhahabu na kukata vito. Halafu sura ya 32, kabla nyundo ya Bezaleli haijagonga chochote, watu wanachukua dhahabu na kutengeneza ndama. Ufundi ule ule na madini yale yale vikamtumikia sanamu. Kama Mungu angekuwa na mawazo ya baadhi yetu, angepiga marufuku dhahabu na kuwafukuza mafundi wote kambini. Hakufanya hivyo. Sura ya 35 anaomba dhahabu iletwe tena, anawasimamisha tena Bezaleli na Oholiabu, na mstari wa 34 unasema jambo tunaloliruka: Mungu alitia moyoni mwao uwezo wa kufundisha wengine. Dawa ya ndama ilikuwa mafundi wengi zaidi, waliofundishwa na watu wenye Roho.

Utaniambia, "Pastor, mtandao umejaa uchafu." Ni kweli. Hata steji ya matatu imejaa matusi na wezi wa simu, na hapo ndipo wahubiri wetu husimama na kipaza sauti kila asubuhi. Hatujawahi kusema steji ni ya shetani, kwa hiyo tusihubiri huko.

Utaniambia, "Atajiinua." Angalia mabango ya mikutano ya injili barabarani. Ni nyuso za nani zimejaa pale? Kiburi hutibiwa kwa kumlea mtu katika Neno. Ukimnyima ujuzi, atakuwa na kiburi na ujinga pamoja.

Utaniambia, "Tukimfundisha ataondoka." Huenda. Asiyefundishwa naye huondoka, tena akiwa na uchungu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa kuna hasara ya kweli. Kwaya ngapi zimechanga shilingi kwa shilingi, zikaingia studio, kisha video ikapakiwa kwenye chaneli ya mwenye studio? Wimbo unapigwa harusini na matangani hadi leo, na waimbaji hawawezi hata kusahihisha jina la kwaya yao lililoandikwa vibaya. Hawakulogwa. Hakuna aliyewaambia waulize. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mithali 13:22 inatuambia mtu mwema huwaachia wajukuu urithi. Kuna mjukuu anayenyang'anywa shamba kwa sababu babu hakufundishwa kufungua akaunti.

Kwa hiyo tufundishe nini? Nitasema wazi.

Chaneli ifunguliwe kwa jina la mwenye kazi. Kama ni ya kwaya, funguo zishikwe na watu wawili au watatu, asije mmoja akahama na kazi ya wote.

Sauti itangulie picha. Watu huvumilia picha hafifu, lakini sauti inayokwaruza wanaiacha. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati na mwanga wa dirishani vinatosha kuanza.

Kichwa cha video kiandikwe kwa maneno ambayo mtu angeyatafuta. "Video mpya" haitafutwi na mtu.

Usichukue biti ya mwingine bila ruhusa. YouTube ina mfumo unaotambua sauti ya mwenyewe. Video yako inaweza kuzuiwa au mapato yake yakaenda kwa mwenye wimbo. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli nzima. Amri ya nane haikuisha mtandao ulipokuja.

Usiweke mtoto wa mtu mtandaoni bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo, na upendo ulidai hivyo kabla ya sheria.

Na tuseme ukweli juu ya pesa. Ili ugawiwe mapato kamili ya matangazo, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wimbo wa dakika nne ungehitaji kutazamwa wote mara 60,000. Pesa hiyo ikija, Sheria ya Fedha ya 2023 inakata asilimia 5 ya kodi kwa mkazi wa Kenya. Anayemwahidi kijana gari kwa video tatu anamdanganya, hata akisema ni unabii.

Mzee wa kanisa, kabla hatujabadilisha mapazia ya madhabahu mwaka huu, tununue vipaza sauti viwili. Toa Jumamosi moja kwa mwezi, fungua ukumbi na Wi-Fi ya kanisa, na fundi anayejua aketi na wasiojua. Mlipe huyo fundi; mtenda kazi anastahili ujira wake hata akiwa mtoto wa kanisa.

Mzazi, leo jioni mwombe mwanao akuonyeshe alichotengeneza. Tazama mpaka mwisho, ndipo useme.

Na wewe kijana unayejua, usikae na ujuzi kama mganga anayeficha mizizi yake. Bezaleli hakuachiwa hema peke yake. Tafuta mmoja wiki hii umfundishe.

Baba, tupe mioyo ya kufundisha kama uliyowapa Bezaleli na Oholiabu. Dhahabu iliyotengeneza ndama irudi hemani mwako. Katika jina la Yesu, Amina.