Bordero ya mwaka wa kwanza

Wandugu wanafunzi, kichwa ya mwanafunzi inabeba mengi: saa ya mtihani, tarehe ya mwisho ya minervali, zamu ya kuchota maji. Bordero ya banki njo inasahaulika. Tulipomaliza masomo tukaenda kuomba diploma, wakatudai bordero zote, tangu mwaka wa kwanza, miaka mitano nyuma! Wenzetu waliopoteza karatasi walilipa mara ya pili. Banki iko na kopi, chuo kiko na kopi, lakini kukumbuka ni kazi ya mwanafunzi peke yake. Kwa nini? Piga foto siku ileile, tumia mtu wa nyumbani, sababu telefone nayo inaibiwaka. Na ofisi iliyopokea feza yetu, tunadai ifungue kitabu chake kwanza.